Mafundi Watano Kwenye Nyumba Moja: Namna ya Kuwasiliana Nao Wakati wa Umaliziaji

Ukiingia kwenye nyumba iliyomaliziwa vibaya, mara nyingi utakuta kila fundi aliyepita pale kazi yake anaijua. Soketi ya friji imekaa wima, imekazwa, imevutiwa waya wa milimita za mraba 2.5 kama inavyotakiwa. Kabati la jikoni nalo limenyooka, milango inafunga bila kugonga. Ila soketi iko nyuma ya kabati, na friji inapata umeme kwa waya wa kuunganisha uliopita dirishani. Fundi umeme alikuja Machi, seremala akaja Julai, na hapakuwa na mtu wa kumpelekea mmoja habari za mwenzake.

Kazi ya ndani huharibika hapo, fundi mmoja anapoishia na mwingine anapoanzia. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba anayemalizia kwa mafundi wa kuwatafuta mmoja mmoja, kama wengi wetu tunavyofanya, iwe Goba, Kigamboni, Mbeya au Mombasa, huku mwenyewe yuko kazini mchana kutwa au yuko nje ya nchi kabisa.

Hatua ya 1: Msemaji awe mmoja

Kabla hujampigia fundi yeyote, kaeni nyumbani mkubaliane nani anatoa maagizo. Baba akipita saiti asubuhi anasema sebule iwe krimu. Mama akija mchana anasema kijivu. Shemeji aliyetumwa kupeleka saruji naye ana maoni yake kuhusu taa. Fundi hana ubavu wa kuwaambia mkakubaliane kwanza. Atamfuata aliyepita mwisho, au atamfuata anayelipa, na rangi ikishapakwa hamtakuwa na wa kumlaumu. Wengine wasizuiwe kuja kuona wala kutoa maoni, ila maoni yao yapitie kwa msemaji.

Mwambie fundi siku ya kwanza: "Fundi, mtu yeyote akikwambia badilisha kitu, hata akiwa mama yangu mzazi, nipigie kwanza." Sentensi hiyo inampa kinga. Mkubwa akimwagiza, anaweza kujibu bila kuonekana jeuri: "Nimeambiwa nimuulize kwanza mwenye kazi, mama."

Ukiwa na mkandarasi, utaratibu ni mwingine. Tanzania makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kenya jukumu hilo liko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mkandarasi ana msimamizi wake pale saiti, na wewe unaongea na huyo tu. Ukianza kumwelekeza kibarua wake moja kwa moja, umempa sababu ya kukataa lawama mambo yakiharibika. Kwa mafundi wa mmoja mmoja, msimamizi ni wewe upende usipende, au ni mtu unayemlipa akae pale. Ndugu wa bure hawezi kuwa msimamizi. Simdharau ndugu, nasema tu kwamba mtu asiyelipwa humuulizi kwa nini Jumanne hakuwepo.

Fundi umeme muombe leseni kabla hamjaongea bei. Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), Kenya ni EPRA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli). Mwenye nayo haoni vibaya kuulizwa.

Hatua ya 2: Wakutanishe wote saiti, asubuhi moja

Kabla hata mfereji mmoja haujakatwa ukutani, waite fundi umeme, fundi bomba, fundi jipsamu, fundi marumaru na seremala wa kabati siku moja. Watatu kati yao watakwambia zamu yao bado. Walipe nauli na chai, waje. Ukilinganisha hela hiyo na gharama ya kubomoa marumaru ya jikoni, ni ndogo mno.

Pitieni chumba baada ya chumba, na wewe ushike chaki. Chora ukutani friji itakapokaa, jiko, sinki, kabati za chini na za juu. Chora kitanda chumbani ili swichi za pembeni zisije zikaangukia nyuma ya ubao wa kichwa. Kisha tulia, waache waulizane. Fundi bomba atamuuliza seremala: sinki lako ni la bakuli moja au mawili, na liko katikati ya dirisha au pembeni? Fundi jipsamu atamuuliza fundi umeme kama sebuleni kuna pangaboi, maana pangaboi linahitaji ndoano iliyofungwa kwenye zege au kwenye mbao ngumu juu ya dari. Jipsamu peke yake haiwezi kulibeba. Swali kama hilo mwenye nyumba hawezi kulikumbuka akiwa ofisini. Wao wakikutana wanalikumbuka wenyewe, kwa sababu kila mmoja ameshaumizwa na mwenzake kwenye saiti nyingine.

Mkimaliza, piga picha kila ukuta wenye chaki. Hizo ndizo ramani zenu.

Hatua ya 3: Laini ya mita moja

Kama kuna jambo moja tu utakalolichukua hapa, chukua hili. Mwambie fundi umeme "weka soketi za jikoni urefu wa mita moja na sentimita kumi", atakubali. Lakini mita moja kutoka wapi? Yeye anapima kutoka kwenye zege lililo wazi, wakati wewe unawazia sakafu iliyokwisha marumaru. Kati ya hizo mbili kuna saruji ya kusawazisha, sentimita 3 hadi 5, kisha gundi na marumaru yenyewe, karibu sentimita 2 nyingine. Soketi uliyotaka katikati yake iwe 110 inaweza kushuka hadi 103. Meza ya jikoni iko kwenye 90, ukuta wa granaiti wa nyuma ya meza unapanda sentimita 10, na tayari granaiti inagongana na ukingo wa chini wa soketi.

Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi. Kubalianeni sakafu iliyomalizika itakuwa wapi, kisha mtu mmoja azungushe laini vyumba vyote, mita moja kamili juu ya sakafu hiyo. Hupigwa kwa mpira wa maji wa kupimia usawa au kwa mashine ya leza, kwa penseli au uzi wa rangi. Kuanzia hapo hakuna fundi anayepima kutoka chini. Soketi ya jikoni ni "laini, juu sentimita 10". Soketi ya sebuleni ni "laini, chini sentimita 70". Meza ya jikoni ni "laini, chini sentimita 10". Mlango, dirisha, dari, vyote kutoka kwenye laini. Fundi marumaru akija miezi minne baadaye anajua sakafu yake inatakiwa kuishia wapi bila kumuuliza mtu. Plasta ikiifunika, mpe mtu kazi ya kuirudisha siku hiyohiyo.

Papo hapo malizeni suala la vipimo. Seremala anaongea kwa inchi, fundi marumaru kwa sentimita, fundi aluminiamu kwa milimita. Ukimsikia mmoja akisema "sitini" na mwingine akaitikia "sitini", huenda kila mmoja ana yake. Chagueni kimoja (mimi huchagua sentimita, kwa sababu futi kamba zote zinazo) na kila namba itajwe na kipimo chake.

Hatua ya 4: Panga foleni, na kila swali lipewe tarehe ya mwisho

Mpangilio wa kawaida ni huu: mifereji na mabomba ya umeme na maji ukutani, plasta, fremu za milango, saruji ya kusawazisha sakafu, kuvuta waya, dari, kulainisha kuta, rangi mkono wa kwanza, marumaru, madirisha ya aluminiamu, kabati na granaiti, vyoo na masinki, swichi na taa, mwisho rangi ya kumalizia. Wapo wanaobadilisha hapa na pale, na ni sawa. Plasta ya saruji ipewe muda, takriban siku 28, kabla ya rangi. Fundi rangi akikuambia ukuta umekauka kwa sababu ameugusa kwa kiganja, mshukuru na umwambie asubiri.

Hata hivyo, foleni ya kazi mafundi wanaijua kuliko wewe. Wanachosubiri kwako ni majibu, na kila jibu lina siku ambayo likichelewa linageuka kuwa gharama. Kuna hita bafuni au hakuna, na ni ya lita ngapi? Jibu hilo linatakiwa kabla ya plasta. Kiyoyozi kitakaa ukuta gani, na maji yake yatatokea wapi? Kabla ya plasta pia, maana bomba la maji yake lifichwe ukutani kwa mteremko. Choo ni cha aina gani? Hapa watu wengi huchelewa. Vyoo vya kukaa vingine hutoa maji chini, vingine nyuma, na umbali wa tundu kutoka ukutani hutofautiana kati ya choo na choo. Nunua choo kwanza, au walau uwe na karatasi yake ya vipimo, ndipo bomba la choo limwagiwe zege. Koki za kuogea za kufichwa ukutani nazo ni hivyohivyo: ziwepo saiti zenyewe, kwani kila moja ina kina chake.

Andika maswali haya kwenye daftari, na mbele ya kila moja uandike jina la fundi anayelisubiri na tarehe. Kila Jumapili jioni lipitie. Daftari lenyewe litakuwa na kurasa mbili tu.

Hatua ya 5: Karatasi moja ya makubaliano kwa kila fundi

Haihitaji mwanasheria. Karatasi ya daftari inatosha, mmeiandika pamoja, mmesaini wote, kila mmoja ana picha yake kwenye simu. Iseme kazi ni ipi, bei ya ufundi ni kiasi gani, nani ananunua vifaa, inaanza lini na kuisha lini, malipo ni kwa awamu zipi, nani anafagia na kutoa taka.

Palipo na ugomvi zaidi ni kwenye namna ya kuhesabu. Fundi umeme huhesabu kwa pointi. Sasa, taa moja na swichi yake ni pointi moja au mbili? Soketi pacha je? Ulizeni na mwandike. Fundi marumaru hulipwa kwa mita ya mraba, lakini vipande vya pembeni mwa ukuta na ngazi huhesabiwa kwa mita ya urefu, bei nyingine. Fundi jipsamu naye ana bei ya dari na bei ya urembo. Fundi rangi akikutajia bei ya nyumba nzima, muulize ni mikono mingapi, na kama kulainisha kuta kumo.

Sehemu ya mwisho ya karatasi iwe na mstari huu: "Kazi yoyote isiyoandikwa hapa itakubaliwa kwa ujumbe kabla ya kufanywa." Mstari huo utakusaidia sana kazi ikifika mwezi wake wa tatu.

Hatua ya 6: Kundi la WhatsApp na adabu zake

Fungua kundi moja la nyumba, waingie mafundi wote, hata ambao zamu yao bado. Seremala akiona picha ya soketi iliyokaa vibaya, atasema kabla hujauliza. Fundi mwenye kitochi (simu ndogo isiyo na WhatsApp) asiachwe nje: mtumie SMS ya kila uamuzi unaomhusu, na umpigie kuthibitisha. Mwenye simu kubwa lakini hana bando, mnunulie bando la wiki. Ni rahisi kuliko nauli yako ya kwenda na kurudi Kigamboni.

Sauti za WhatsApp ruhusu, mafundi wengi mikono yao ina saruji na kuandika ni shida. Lakini uamuzi ukishafikiwa kwa sauti, wewe uuandike upya kwa maneno machache:

"Tumekubaliana: bafu la wageni, marumaru ya ukutani yaishie laini juu sm 110, siyo hadi dari. Fundi marumaru anaanza Jumatano saa 2 asubuhi. Fundi bomba amalize koki Jumanne."

Ujumbe wa namna hiyo baada ya miezi miwili ndio unaotafutwa na kila mtu.

Usiulize "mambo yanaendaje?" Utajibiwa "yanaenda vizuri", na hujajua lolote. Uliza swali ambalo jibu lake ni picha au namba: "Fundi, naomba picha ya ukuta wa sinki, futi kamba ionekane kutoka kwenye laini hadi mdomo wa bomba." "Leo umelaza maboksi mangapi, yamebaki mangapi?" Ukiwa na la kurekebisha, ichore mshale picha uliyotumiwa na umrudishie fundi mwenyewe. Mshale haubishaniwi sana.

Yapo pia majibu ambayo mtu aliyezoea saiti huyasikia tofauti. "Itakaa tu, bosi" huwa inamaanisha hajapima; muulize amepima ngapi. "Kidogo tu kimebaki" iombee orodha, chumba kwa chumba. "Nipo njiani" iache ilivyo, ila sema: "Ukifika nitumie picha ukiwa mlangoni." "Huyo nitamwambia mwenyewe," akimzungumzia fundi mwenzake, mwombe amwambie ndani ya kundi. Na "sawa" ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Mara nyingi ni adabu tu: amekusikia, na kukuuliza tena ataonekana hajui kazi. Mwambie kwa upole, "Hebu nirudishie fundi, utaanza wapi?" Akianza kueleza, mtajua wote wawili kama mmeelewana.

Heshima ina faida yake ya kikazi. Fundi mtu mzima aamkiwe shikamoo hata kama ndiye unayemlipa. Ukiingia saiti anza na "poleni na kazi" kabla ya kuangalia kasoro. Kosa usilitangaze kundini. Mpigie pembeni, au subiri ufike, weka pimamaji juu ya kazi yake mbele yake, na umwache alione povu lilipokwenda. Fundi aliyeaibishwa mbele ya wenzake haonekani kesho, na simu yake haipatikani.

Kwa walio nje: mafundi wengi huondoka saiti kwenye saa 11 jioni, na picha nzuri zinataka mwanga. Wa Muscat wako mbele kwa saa moja tu, hawana shida. London iko nyuma kwa saa 3 majira ya baridi na 2 majira ya joto, kwa hiyo saa yako ya chakula cha mchana inafaa. Wa Toronto yuko nyuma kwa saa 8, au 7 majira ya joto; akiamka asubuhi na mapema anawakuta bado wapo, akichelewa anakuta kufuli. Simu ya video iwe na njia moja kila siku: mlango wa mbele, sebule, jiko, vyumba, mabafu. Mkipita njia ileile, mabadiliko unayaona hata usipoambiwa.

Hatua ya 7: Hakuna kufunika kabla ya picha

Hii iwe sheria ya nyumba na kila fundi aijue tangu kile kikao cha kwanza. Kuna nyakati nne ambapo kazi ya mtu mmoja inakwenda kufichwa na kazi ya mwingine, na zote nne kazi isimame mpaka useme endelea.

Ya kwanza ni kabla ya plasta, mabomba ya umeme na maji yakiwa bado wazi. Piga picha kila ukuta, futi kamba imelazwa, chumba kimeandikwa kwa chaki ndani ya picha. Siku mtu atakapotaka kutoboa kuning'iniza televisheni, picha hiyo itamwonyesha bomba lilipo.

Ya pili ni kabla dari haijafungwa. Angalia ndoano za mapangaboi, maungio ya waya, bomba la kiyoyozi, na kama mbao zimepigwa dawa ya wadudu.

Ya tatu ni bafu, na hapa usiwe na haraka. Mabomba ya maji yafungwe miisho, yajazwe kwa pampu ya presha, na mshale wa kipimo ubaki palepale. Sakafu ikishapakwa dawa ya kuzuia maji, tundu lizibwe, yajazwe maji, yalale saa 24. Weka alama ya penseli usawa wa maji na upige picha jioni na kesho yake. Chini kama kuna chumba, nenda ukaangalie dari yake. Kisha mteremko: sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Fundi marumaru amwage ndoo moja mbele ya kamera kabla ya kumwaga grauti, kijazio cha mianya kati ya marumaru. Maji yakituama pembeni, kuinua marumaru manne leo ni kazi ya saa moja.

Ya nne ni kabla ya granaiti kukatwa. Kabati ziwe zimefungwa, sinki lenyewe liwepo, na jiko la kuzamisha kama lipo. Aliyekata granaiti kwa vipimo vya kwenye simu huwa hawezi kuirudisha.

Hatua ya 8: Vifaa

Orodha ya fundi ikija imeandikwa "marumaru boksi 12, gundi, grauti", irudishe. Iwe na saizi, rangi, na chumba kinachokwenda. Hesabu ya marumaru ujue mwenyewe: boksi la vipande 4 vya sentimita 60 kwa 60 linafunika mita za mraba 1.44. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita za mraba 14. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, upate 15.4, gawa kwa 1.44, ni maboksi 11. Fundi akitaka 12, mwombe akueleze. Huenda anayalaza mshazari, na hapo ana haki.

Kwenye kila boksi kuna namba ya toleo na ya rangi. Maboksi yote ya chumba kimoja yawe na namba ileile, maana toleo jingine hata kama jina ni lilelile linaweza kutofautiana kidogo na likaonekana wazi sebuleni mchana. Yapigwe picha yakishushwa, kabla gari halijaondoka. Rangi iliyochanganywa kwa mashine nayo ina lebo yenye namba ya mchanganyiko juu ya kopo. Picha yake iwekwe kundini, kwani kopo litatupwa.

Baadhi ya maduka humpa fundi cha juu kwa kukuleta. Sipigani na hilo. Ninachofanya ni kuomba bei kwenye maduka ya Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, kwa simu siku moja kabla, na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ipigwe picha siku ileile.

Hatua ya 9: Kila hela iende na maneno yake

Kianzio kiwe cha kumtosha kuanza, siyo cha kumtosha kuhama. Kinachofuata kifungwe kwenye kitu kinachoonekana: mabomba yamepita jaribio la presha, dari imefungwa na kuungwa. "Nusu ya kazi" ni maneno yanayogombanisha watu.

Ukituma kwa simu, palepale mwandikie: "Fundi, nimetuma 150,000 awamu ya pili ya bafu. Jumla umepokea 250,000. Imebaki 100,000, ni baada ya kujaza maji." Mwombe ajibu "nimepokea". Jumamosi ndiyo siku vibarua wanapotarajia chao. Kama saidia fundi analipwa na fundi, usimpe yeye mkononi hata akikulilia, isipokuwa fundi mwenyewe amekubali na umeandika.

Ukiombwa hela ya ghafla kwa ajili ya msiba au mtoto mgonjwa, toa ukiweza, na useme ni ya nini: mkopo, msaada au sehemu ya awamu. Watu hugombana kwa sababu mmoja aliiona msaada na mwingine akaikata kwenye malipo.

Hatua ya 10: Ukibadilisha mawazo

Utabadilisha. Kabla ya kumwambia fundi wa kwanza, jiulize ni nani mwingine anaguswa. Kuhamisha sinki kwa sentimita 40 kunamgusa fundi bomba, seremala, wa granaiti na fundi umeme. Andika kundini mabadiliko ni yapi, uliza kila mmoja bei na siku zinazoongezeka, subiri majibu, kisha useme ndiyo au hapana. Mpaka useme ndiyo, kazi ya zamani inaendelea.

Mkishindwana kabisa na fundi, rudini kwenye karatasi na picha mkiwa na shahidi. Ikishindikana, mwenyekiti wa serikali ya mtaa husikiliza mambo ya namna hii, na hapo mwenye ujumbe wa maandishi ana la kuonyesha.

Hatua ya 11: Makabidhiano

Usipokee nyumba kwa vipande. Chagua siku moja, mchana, umeme na maji vikiwa vimewashwa, na mafundi wote waje. Nunua tepu ya karatasi. Pita kila chumba, kila kasoro uibandike kipande chenye namba na uandike namba hiyo kwenye orodha pamoja na jina la fundi. Fungua kila koki dakika kadhaa na upapase chini ya sinki. Vuta maji vyoo vyote. Chomeka chaja ya simu kila soketi. Gonga marumaru kwa sarafu. Yanayolia kama yana uwazi chini, bandika tepu.

Orodha ipigwe picha, iingie kundini, kila fundi aandike siku atakayomaliza yake. Bakiza asilimia 10 ya ufundi mpaka tepu ya mwisho itolewe, na hilo liwe liliandikwa tangu Hatua ya 5, vinginevyo utaonekana unadhulumu. Kuna kasoro zinazosubiri mvua au joto ili zijitokeze, nyufa za jipsamu hasa, kwa hiyo kubalianeni fundi atarudi mara moja bure baada ya miezi michache.

Omba mabaki: boksi moja la kila aina ya marumaru, nusu kopo la kila rangi, funguo zote. Picha za kuta zilizo wazi zihamishe kutoka kwenye kundi uziweke mahali pengine, kwa sababu simu hupotea. Majina ya mafundi yahifadhi pamoja na kazi na mtaa, "Bomba Goba", "Jipsamu Tegeta", maana ukihifadhi "Fundi" watano hutajua umpigie yupi bomba likipasuka usiku.